Mlango wa Kufuli Tatu

Mwalimu mkuu mpya alinipigia simu mara mbili kabla ya sherehe. Mara ya kwanza alinialika. Mara ya pili alikuja na masharti: nizungumze dakika tatu, nimsifu Madam Cherotich kwa utumishi wake, nimwombee maisha marefu ya kustaafu, halafu nikae. "Na ile stori ya kufuli, Madam Nyambura, tuiache," akasema. "Mwalimu Langat atakuwa pale mbele. Ni mzee wetu sasa." Nikamuuliza kama chakula kitakuwepo. Akasema kitakuwepo kingi. Nikamuuliza kama ni wali na kuku, au ni wali na matangazo ya kuku. Akacheka, akadhani tumekubaliana. Sikuwa nimesema ndiyo. Nimeuza vitu sokoni miaka mingi, na mtu akiniomba nisitoe kitu fulani mezani, najua hicho ndicho chenye bei.

Basi stori yenyewe ni hii, na hapa hakuna mtu wa kunigongea kengele. Mwaka ule nilikuwa sijafika thelathini, na hii miwani ninayoipapasa sasa kila nikitaka kusoma jina kwenye simu ilikuwa bado iko dukani. Nilikuwa nimeuza viazi kando ya barabara Londiani, cheti cha ualimu kikilala chini ya godoro, na nilipopata kazi hatimaye katika shule moja ya msingi juu ya Roret, niliingia darasani na tabia zangu zote za barabarani. Gunia la viazi mimi hulikagua chini, kwa sababu juu ndiko muuzaji amepanga vile vizuri. Nilihesabu chaki nilizopewa, nikahesabu tena mbele ya aliyenipa. Walimu wenzangu walinicheka. Lakini siku Mwalimu Langat, aliyekuwa mwalimu mkuu wetu, alipoitisha mkutano na kuuliza ni nani aende Kericho kusomea matumizi ya tableti zinazoletwa na serikali, ili arudi awafundishe wengine, macho yote yaligeuka kwangu. "Huyu," akasema mmoja wao, "hata simu yake iko na laini mbili." Huo ndio uliokuwa utaalamu wangu.

Tulifundishiwa katika ukumbi wa hoteli moja pale mjini, chumba kirefu chenye mapazia ya kijani na baridi ya kukaa na koti, madirisha yakitazama chai iliyokatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kinyozi. Mkufunzi alikuwa kijana mpole mwenye suti iliyombana na Kiswahili cha redioni. Yeye alisema vishikwambi, sisi tukasema tableti, na hakuna aliyemsumbua mwenzake. Shida ilikuwa moja: tableti hazikuwa zimefika. Ziko njiani, alisema Jumatatu. Ziko njiani, alisema Jumatano. Basi akatugawia manila na kalamu za wino mnene, kila mwalimu achore ya kwake. Tukachora kitufe cha kuwashia, tukachora na zile picha ndogondogo za kubonyeza, na kwa wiki nzima watu wazima wenye familia na mashamba ya chai tulikaa tukibonyeza karatasi. "Mwalimu, yangu imekataa kuwaka," akasema mama mmoja wa Litein aliyekaa nyuma yangu. "Umeweka chaji?" akamuuliza jirani yake. "Nimechora waya, lakini sijachora stima." Ukumbi ukaanguka kwa kicheko, na kijana wa suti akacheka pia, lakini niliona masikio yake yamekuwa mekundu, na tangu hapo nikampenda. Chakula cha mchana angalau hakikuwa cha kuchorwa. Kuku alipakuliwa na mhudumu mmoja mkali, vipande viwili kwa kila sahani, na mimi nilipopewa paja na shingo nilirudi nikamwambia ahesabu tena, kwa sababu shingo huwa siihesabu. Akanitazama, akaongeza bawa. Nimehudhuria kozi nyingi tangu hapo, nyingine nimeziendesha mwenyewe katika kumbi nzuri kuliko ule, na bado naona ile ya manila ilikuwa na ukweli wake. Angalau kila mtu alijua ameshika karatasi.

Tableti zilifika muhula wa pili, kwenye maboksi, mpya, zikinuka plastiki. Shule nzima ilitoka nje kuzitazama zikishushwa. Kisha zikaingia stoo, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Stoo ilikuwa ya mahindi na maharagwe ya chakula cha watoto. Mahindi yakatolewa yakaletwa stafrumu yetu, panya wakayafuata mahindi, na sisi walimu tukahamia juu ya magunia kwa sababu viti havikuwa tena na mahali pa kukaa. Fundi akaja akachomelea vyuma dirishani, akaweka mlango wa chuma, na kwenye mlango huo vishikio vitatu kwa kufuli tatu. Ufunguo wa kwanza ulikaa na Mwalimu Langat. Wa pili ulikaa na mwenyekiti wa shule, Mzee Kirui, ambaye ng'ombe na chai yake vilikuwa ng'ambo ya bonde na simu yake ilikuwa ikipatikana kwenye kilima kimoja tu. Wa tatu ulikaa na Otieno, mlinzi wa usiku, mtu wa ziwani aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha chai kabla ya kuja kwetu. Mpango huo ulikuwa umetolewa kanisani, kwa sanduku la sadaka, ambalo haliwezi kufunguliwa na mtu mmoja. Kwa sadaka ni mpango mzuri. Sadaka hufunguliwa Jumapili na wote wako hapo. Lakini Otieno aliingia kazini jioni, Langat akishawasha pikipiki yake kwenda nyumbani, na Mzee Kirui aliteremka shuleni kukiwa na sherehe au kesi. Hakukuwa na saa hata moja ya siku ya kawaida ambayo watu hao watatu walisimama mbele ya mlango mmoja.

Nilimwendea Langat ofisini. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini, na kwenye meza yake hakukuwa na kitu isipokuwa kalamu mbili na kitambaa cha kushonwa. "Madam, hii mali nimesaini mimi," akaniambia. "Wewe hujui. Shule moja huko chini wamevunjiwa. Unajua nani alipelekwa polisi kuandika maelezo? Si mwizi. Ni hedi, mwalimu mkuu." Sikumdharau kwa hofu hiyo, na hata leo simdharau; mtu aliyesainishwa vitu ambavyo hakuviomba ana haki ya kulala vibaya. Lakini nilimuuliza, "Sasa mwalimu, zitatumika lini?" Akasema, "Zitatumika. Wewe endelea kuwafundisha walimu." Nikamuuliza niwafundishe na nini. Akafungua droo, akanipa manila.

Kwa hiyo nikawa mkufunzi wa manila, kama kijana wa suti. Kila baada ya masomo tulikaa juu ya magunia, nikabandika karatasi ukutani, nikawaonyesha walimu mahali pa kubonyeza. Wengi walikuja kwa heshima. Mwenye kelele alikuwa Madam Cherotich, mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke mrefu wa hapo hapo Roret aliyebakisha miaka kumi astaafu na aliyefundisha nusu ya wazazi wa watoto aliokuwa nao sasa. Alikaa kwenye gunia lake akifuma sweta, chupa ya mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, ikiwa mguuni pake. "Nyambura wangu," alisema bila kuinua macho, "wewe ni msichana mzuri, lakini niachie chaki yangu. Hii kitu ni ya vijana. Mimi nikigusa itakufa." Wengine wakaitikia: tumezeeka, macho hayaoni, vidole ni vigumu kwa kuchuma chai. Nilibandika, nikabandua. Panya wakala pembe moja ya tableti ya karatasi, na Cherotich akasema angalau kuna mmoja ambaye imemsaidia.

Kilichonifungua macho kilitokea kituo cha kununulia majani ya chai, siku nilipokuwa nikimngojea Cherotich ili tutembee pamoja kwenda sokoni. Kila mwalimu wa shule yetu, isipokuwa mimi, alikuwa na chai yake, na jioni ungewakuta wote pale kwenye foleni, magunia yakiwa miguuni. Siku hizo karani alikuwa ameacha mizani ya zamani ya kuning'inia. Alikuwa na mashine, skrini ndogo ya kubonyeza, na karatasi ikitoka ubavuni. Karani, kijana mdogo, akaweka gunia la Cherotich, akabonyeza, akasoma. "Hapana," akasema Cherotich. "Mama, ndiyo hii imeandika." "Imeandika uongo. Ulipima la huyu kabla yangu, ukashusha, na pale juu ikabaki chini ya ziro. Mimi nimeona. Shusha gunia langu. Rudisha ziro. Pima tena." Kijana akajitia kutosikia. Cherotich akanyoosha mkono wake mrefu, juu ya kichwa cha mtu, akabonyeza yeye mwenyewe vitufe viwili kwa kidole kile kile alichosema kitaua tableti. Ziro ikatokea. "Sasa weka." Uzito ukaja mwingine, mkubwa zaidi, na foleni nzima ikamshangilia. Nyuma yake walikuwa walimu wanne wa shule yetu, na kila mmoja alipofika mbele alisema maneno hayo hayo: shusha, rudisha ziro, pima tena.

Nilisimama pale na kikapu changu nikajiona mjinga, kisha nikakasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyonibeba mwaka mzima. Kesho yake niliibandua manila. Nikatoa simu yangu, ile ya laini mbili, nikaiweka juu ya gunia. "Hii," nikasema, "ni mashine ya majani. Karani ni mwizi. Nani anaanza?" Wakacheka. Kisha mmoja akaishika, na mwingine, na kabla ya wiki kwisha simu yangu ilikuwa na unga wa mahindi mpaka ndani ya kioo. Tulipiga picha za vitu vya darasani, tukarekodi sauti, tukatafuta herufi. Ilipoganda, na iliganda sana maana ilikuwa simu ya bei ya mapatano, nilitaka kuichukua niitengeneze, lakini Cherotich alinipiga kofi mkononi. "Ondoka. Zima. Rudisha ziro. Anza tena." Ikawaka. Akaitazama kama anavyotazama mtoto aliyesoma neno lake la kwanza, kwa jicho moja, asije akaharibika kwa sifa.

Jumamosi moja alinialika kwake. Jiko lilikuwa la mabati na moshi, safi, vyombo vimepangwa juu ya ubao kwa ukubwa. Alinipa ugali na mboga chungu zilizolala kwenye maziwa, na mursik niliyoinywa kwa uso wa mtu anayekunywa dawa, akanicheka, akaniongeza. Halafu, akikoroga moto, akasema jambo ambalo hakuwa amelisema stafrumu. "Wale watoto wangu wanajua ziko ndani ya ile nyumba. Kila asubuhi wakipita wanagusa mlango. Wananiuliza, Madam, zimeamka? Nawaambia bado. Sasa nimechoka kuwaambia bado." Akafunika sufuria. "Mimi nilifikiri ni mimi sijui. Kumbe sijapewa."

Nimeyabeba maneno hayo kwenye kila ukumbi niliofundisha tangu hapo. Wakubwa huniuliza kwa nini walimu wazee wanaogopa mashine, na mimi huwaambia waende kituo cha majani saa kumi na moja jioni, wajaribu kumpunja mmoja wao uzito.

Muhula wa tatu ulipoanza, habari ikaja kwamba wageni kutoka Nairobi watapita shule za upande wetu kuona tableti zikitumika darasani. Shule isiyozitumia ingenyang'anywa, zipelekwe kwingine. Langat aliniita ofisini na, kwa mara ya kwanza, akanipa kiti. "Utafundisha wewe," akasema. "Darasa la kwanza. Somo fupi, la wanyama. Tutachagua watoto wale wachangamfu, wale wengine wataenda kucheza mpira. Mtafanya mazoezi." Nikamuuliza, na mwalimu wa darasa? Akapanga kalamu zake mbili zikae sambamba. "Madam Cherotich siku hiyo atakuwa mgonjwa."

"Anaumwa?"

"Atakuwa anaumwa. Madam, wewe unaelewa. Yule ni mama yetu, lakini atatuaibisha. Wakimwona anababaika wataandika kwamba hawezi. Hapo ni yeye ataumia. Wanaweza hata kumtoa darasa la kwanza. Mimi namlinda."

Hapo ndipo nilipoiona biashara yote, kutoka juu ya gunia mpaka chini. Nikavuta kiti mbele. "Mwalimu," nikamwambia, "hizo tableti zimekaa gizani tangu muhula wa pili. Zimekufa chaji. Ukifungua mlango siku ya wageni, utawaonyesha vioo vyeusi." Akasema watazichaji asubuhi hiyo. Nikamwambia nyaya za kuchajia ziko ndani ya boksi lenye kisanduku cha kuwekea zote pamoja, na aliyeonyeshwa namna ya kuliunganisha ni mtu mmoja tu hapa shuleni, na mtu huyo alionyeshwa kwenye manila, kwa hiyo anahitaji siku kadhaa za kukosea. Akanyamaza. Nikanyamaza pia, anayezungumza kwanza hapo ndiye anayelipa. Nje watoto walikuwa wakiimba jedwali la tano. "Unataka nini?" akasema. "Cherotich afundishe darasa lake. Lote, na wale wa mpira pia." "Na akishindwa?" "Uandike jina langu." Akaniambia kwa ile sauti yake ya chini kwamba mimi bado ni mwalimu mgeni, na ualimu una barabara ndefu na shule za mbali. Nikamwambia nimekaa kando ya barabara miaka mingi, huwa siziogopi. Akanipa mkono. Niliushika nikijua kabisa kwamba amenikubalia kama vile wateja wengine wanavyokubali, wakisubiri ugeuke.

Mlango ulifunguliwa wiki ile. Otieno alibaki baada ya zamu ya usiku, macho mekundu. Mzee Kirui alishuka bondeni na gambuti zenye tope, akilalamika kwamba ameacha ng'ombe anayezaa kwa ajili ya kufungua mlango. Kufuli zikatoka moja, mbili, tatu. Tableti zilikuwa nyeusi zote kama nilivyosema, na juu ya maboksi panya alikuwa amezaa. Tulizichaji stafrumu, katikati ya mahindi, tukikosea na kurudia, na Cherotich na wenzake wakazishika kwa mikono yao kwa siku zilizobaki. Watoto hawakuruhusiwa kuzigusa mpaka wageni waje. Hapo Langat hakulegea.

Asubuhi ya wageni nilifika mapema nikamkuta Otieno kwenye geti akitikisa kichwa. "Madam, hedi amepita kwa Cherotich jana jioni na pikipiki. Amemwambia apumzike leo." Magari ya wageni yalikuwa tayari yanapanda kutoka barabara kubwa. Ungeweza kuyaona kati ya chai. Langat alinijia na tabasamu. "Mungu amepanga vingine," akasema. "Ingia darasani." Nikamwambia siingii. Akasema niingie, nikasema siingii, na tulikuwa tukisema hivyo kwa sauti ya chini, tukitabasamu, kama watu wanaosalimiana, wakati Cherotich alipotokea kwenye njia ya chai. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, ile ya bluu, na kofia yake, na viatu alikuwa ameshika mkononi kwa sababu ya umande. Akasimama mbele ya Langat, akavaa kiatu cha kwanza polepole, akajishikiza begani kwake kama mlingoti, akavaa cha pili. "Chamgei, mwalimu," akamsalimu. "Nimepona."

Darasa lilikuwa lote, wachangamfu na wale wa mpira, watatu watatu kwenye dawati. Wageni walikaa nyuma. Mkubwa wao alikuwa mama wa makamo aliyejibana kwenye dawati la mtoto bila kulalamika. Cherotich aliwapa watoto tableti akiwaambia kwa Kipsigis washike kama wanavyoshika yai. Mimi nilisimama pembeni na jasho. Alianza na picha ya ng'ombe, akawataka waseme herufi ya kwanza. Alibonyeza pasipofaa, akarudi, akabonyeza tena. Alikuwa mwepesi kidogo kuliko nilivyoogopa na mzito kidogo kuliko nilivyoomba. Kisha, katikati ya somo, yake ikaganda. Ng'ombe akabaki nusu kwenye skrini, kichwa bila mwili. Nilimwona Langat akifumba macho. Cherotich akaiinua juu darasa zima lione. "Imefanya nini?" akauliza. "Imelala!" "Tunalia?" "Hapana!" "Mama yako kule kwa majani, mashine ikidanganya, anasema nini?" Nakwambia paa lilitikisika. "Rudisha ziro!" Akazima. Wakasubiri naye, midomo wazi. Ikawaka, na ng'ombe akaja mzima, na hata yule mama wa nyuma alipiga makofi kabla ya kukumbuka kwamba yeye ni mgeni rasmi.

Laiti ingeishia hapo, Langat angenisamehe. Lakini mgeni alipiga magoti karibu na msichana mmoja wa mbele akamuuliza kwa upole, "Mnatumia hizi kila siku?" Msichana akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuzi. "Hapana. Leo ndiyo zimeamka." Langat akaanza kusema kwamba mtoto amechanganyikiwa, ni lugha. Cherotich hakumwachia amalize. "Mtoto hajachanganyikiwa," akasema kwa Kiswahili, pole pole, ili kila mtu asikie. "Zimekaa ndani tangu zije. Mlango una kufuli tatu na wenye funguo hawakutani. Mimi nimejifunza kwa simu ya huyu, juu ya gunia. Kama mnazichukua, zichukueni, lakini msiandike ati mwalimu hawezi. Andikeni mlango."

Hawakuzichukua. Mgeni aliomba aonyeshwe mlango, akaugusa kama watoto walivyougusa, akaondoka bila hotuba. Jioni Langat akaamuru zirudishwe ndani na kufungwa. Zikarudishwa. Alifunga kufuli yake. Akageuka kwa Mzee Kirui, na Mzee Kirui akasema ile yake anaitaka kwa stoo ya mbolea, na yule ndama amezaliwa akiwa hayupo, na yeye havuki tena bonde hili kwa sababu ya mlango. Langat akageuka kwa Otieno. Otieno alikuwa akitazama mawingu. "Yangu, mwalimu, hata sijui imeenda wapi." Kikapu cha Madam Cherotich kilikuwa kimekaa mguuni pake na kilikuwa kizito upande mmoja. Langat alikiona. Sote tulikiona. Ikabaki kufuli moja, ya mwalimu mkuu, na kuanzia siku hiyo asubuhi zilipofika na mlango haujafunguliwa, kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuulizwa, na darasa la kwanza lote lilijua jina lake na lilikuwa likimngojea mlangoni.

Mimi nilihamishwa Januari, chini kabisa ya Bomet, mahali ambapo chai imeisha na vumbi linaanza. Niliambiwa ni mahitaji ya utumishi. Nilipakia godoro langu na simu yenye unga nikaenda. Watu huniuliza kama sikujuta, na mimi huwauliza wananipa bei gani nikijuta. Huko vumbini nilikuta stoo nyingine, kufuli mbili, na nikaanza tena.

Sherehe ya Cherotich ilikuwa Jumamosi iliyopita. Hema, viti vya plastiki, wali, na kuku wa kweli, nilihakikisha. Mwalimu Langat alikaa mbele, fimbo mkononi, akanisalimu kwa adabu nami nikamsalimu kwa adabu. Kabla ya hotuba, mwalimu mkuu mpya alitutembeza kuona chumba kipya cha kompyuta zilizoletwa na wafadhili, ambacho mimi, kama mkufunzi wa eneo siku hizi, nilitarajiwa kuja kuwafundishia walimu Jumatatu. Chumba kizuri, rangi mbichi bado inanuka. Mlango wa chuma. Kufuli tatu. "Usalama, Madam," akanieleza. "Moja yangu, moja ya chairman, moja ya mlinzi." Nikaangalia nyuma nikamwona Cherotich na suti yake ya bluu, na hakuwa akinitazama mimi, alikuwa akitazama vishikio.

Nilipopewa kipaza sauti nilimsifu kama nilivyoombwa, na nilimwombea maisha marefu. Zikabaki dakika mbili. Nikawaambia wageni kwamba nitakuja Jumatatu kufundisha, kwa sharti moja: mlango ule ubaki na kufuli moja. Mwalimu mkuu akainuka nusu, tabasamu likiwa bado linajipanga. "Madam Nyambura, hayo tutaongea baadaye ofisini."

"Tuongee sasa. Bei yangu haishuki."

Watu walikuwa wameanza kucheka wakati Cherotich alipoinuka kwenye kiti chake kilichopambwa maua. Alifungua mkoba, akatoa kufuli ya zamani, wazi, imeota kutu, ikiwa na manyoya ya ndama kwenye kishikio chake. Akatembea mpaka mbele, akaiweka mezani, katikati ya keki na zawadi, ikagonga kwa sauti. "Hii ni ya shule," akasema. "Nilikuwa nimefungia boma la ndama, bila ufunguo. Ndama hajui." Kisha akamnyooshea mwalimu mkuu mpya mkono ule ule mrefu, kiganja juu, kama anavyonyoosha kwa mtoto aliyekuja darasani na kitu mfukoni, na akangoja. Hema lote likangoja naye. Katika safu ya mbele, Mwalimu Langat aligonga fimbo yake chini mara moja. "Mpe mbili, kijana," akasema. "Huyu mama hachoki kungoja."